Katriji ya Santuri Inapochakaa: Kuitengeneza au Kununua Nyingine

Mwezi uliopita baba yangu mdogo alikuja Dodoma mjini kutoka Kondoa akiwa na kitu kidogo alichokiviringisha kwenye kitambaa na kukitia ndani ya kopo la dawa. Ilikuwa katriji ya mashine yake ya santuri, yaani kile kichwa kidogo kinachokaa mwishoni mwa mkono wa mashine na kubeba sindano. "Mwanangu," aliniambia baada ya kumwamkia, "fundi wa redio kule nyumbani anasema tuitengeneze, na mwenzake anasema niitupe ninunue nyingine. Wewe unaonaje?" Sikumjibu siku ile. Niliona kila fundi ana sehemu ya haki, lakini wote wawili walitoa hukumu bila kuuliza ni kiungo gani hasa cha katriji ile kilichochakaa.

Katriji si kitu kimoja. Ina ncha ya almasi inayogusa santuri, ina ufito mwembamba unaoibeba ncha hiyo, ina kipira kidogo kinachoushikilia ufito ili ucheze na kurudi mahali pake, na ina kiwiliwili chenye koili za waya zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme. Viungo hivi havizeeki kwa mwendo mmoja. Koili zinaweza kudumu miongo mingi bila kupoteza chochote. Ncha huisha kwa matumizi. Kipira huisha kwa umri na joto, hata kama mashine haikuwashwa mwaka mzima.

Baba mdogo alikuwa na hakika kwamba ncha ya almasi haiishi, na imani hiyo nimeikuta kwa watu wengi. Ni kweli almasi ni ngumu kuliko plastiki ya santuri, lakini hesabu ya safari yake inatisha. Santuri kubwa ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hupita chini ya sindano kwa wastani wa kilomita 1.3 hivi kwa saa. Yeye husikiliza karibu saa moja kila jioni, na mashine hiyo aliletewa na binti yake miaka mitano iliyopita. Hiyo ni zaidi ya saa 1,800, yaani zaidi ya kilomita 2,300, ambazo ni sawa na kusafiri kwa barabara kati ya Dodoma na Dar es Salaam mara tano, na safari yote imefanywa na kijiwe kisichoonekana vizuri kwa macho kikisugua kuta za mfuo, yaani ule mfereji mwembamba uliochongwa kwenye santuri, zilizojaa vumbi. Watengenezaji wenyewe hutaja muda wa kati ya saa 300 na 1,000, kutegemea umbo la ncha na usafi wa santuri. Ncha ya duara na ile ya duaradufu ndizo huisha mapema, na zile zilizochongwa kwa ustadi zaidi huchukua muda mrefu.

Kabla ya kuamua lolote ni lazima kujua kama sindano imekwisha kweli. Katriji nyingi zinazoletwa kwa mafundi zikiitwa mbovu hazina uchakavu wowote. Spika moja ikinyamaza, mara nyingi kosa liko kwenye nyaya nne ndogo zinazoingia nyuma ya katriji, ambazo kwa kawaida huwa nyekundu na kijani kwa upande wa kulia, nyeupe na buluu kwa upande wa kushoto. Hapo fundi redio yeyote wa Majengo au wa Kondoa mwenye mkono mtulivu anaweza kusafisha vipini vilivyoshika kutu, yaani vile vijiti vya chuma vinavyopokea nyaya hizo, na kurudisha sauti, ilimradi asilehemu waya moja kwa moja kwenye kipini cha katriji, kwa kuwa joto la kifaa cha kulehemu husafiri hadi ndani na kukata waya wa koili ulio mwembamba kama unywele. Kwa matengenezo ya namna hiyo, fundi wa kwanza wa baba mdogo alikuwa sahihi kabisa, na ningemtetea mbele ya mtu yeyote.

Uchakavu wa ncha una dalili zake. Sauti za s na sh za mwimbaji huchanika, na hali huwa mbaya zaidi kadiri sindano inavyokaribia katikati ya santuri, mahali ambapo mawimbi yamebanana. Dalili hizo zinaweza pia kuletwa na santuri chafu au katriji iliyofungwa upande, kwa hiyo masikio peke yake hayatoshi kuwa shahidi. Nilimwomba rafiki yangu anayefundisha biolojia katika sekondari moja hapa mjini anikubalie kutumia hadubini ya maabara. Kwa ukuzaji wa mara 100, tukimulika tochi kutoka ubavuni badala ya kutumia taa ya chini, tuliona pande mbili za ncha zimesagika na kuwa bapa, zikimeta kama vioo viwili vidogo. Ncha isiyochakaa haina vioo hivyo. Shauri la kwanza likawa limekwisha: sindano ya baba mdogo ilikuwa imekufa, tena zamani.

Sasa tuje kwenye hoja ya kutengeneza, ambayo nataka kuipa uzito wake wote kwa sababu watu wanaoitetea si wabahili wala si washamba wa mambo. Kuna familia mbili kubwa za katriji. Katika familia ya kwanza sumaku ndiyo inayocheza, na sindano pamoja na ufito na kipira chake huchomoka kama kifuniko cha kalamu. Katika familia ya pili koili zenyewe ndizo zinazocheza, na kwa kawaida sindano haichomoki kabisa. Nyingi kati ya katriji hizi za koili ni ghali, zimeundwa kwa mkono, na mwenye nayo ncha inapokwisha huona uchungu kutupa kiwiliwili kizima kwa ajili ya kijiwe kimoja. Kwa mtu huyo wapo mafundi maalumu huko Uingereza, Uholanzi, Marekani na Japani ambao hupachika ncha mpya juu ya ufito wa zamani, au hubadilisha ufito na ncha kwa pamoja. Kazi ikifanywa vizuri, gharama huwa sehemu tu ya bei ya katriji mpya, sauti aliyoizoea mwenye mali hubaki karibu ileile, na kitu kizuri hakiendi jalalani. Hoja hiyo ninaiheshimu.

Lakini hoja hiyo ina shimo, nalo ni kipira. Fundi anayepachika ncha mpya bila kugusa kipira anarudisha kiatu kipya kwenye mguu wenye goti lililokakamaa. Kipira kikiwa na miaka 20, mara nyingi ufito hauchezi tena kwa uzani ule uliokusudiwa, yaani uzito ambao sindano huilemea santuri, na ncha mpya, hata iwe na uchongaji mzuri namna gani, italazimishwa kusukuma kuta za mfuo badala ya kuzifuata. Ufito mpya nao ukiwa mzito au mwepesi kuliko wa awali, tabia ya katriji hubadilika, na mwenyewe hupokea kitu chenye jina la zamani na sauti nyingine. Tena tupo Dodoma. Mzigo huo lazima uende ng'ambo na kurudi, ukae kwenye foleni ya fundi kwa wiki au miezi, na usiposindikizwa na karatasi zinazoonyesha kwamba ulitoka nchini kwa ajili ya matengenezo, unaweza kukadiriwa kodi kama bidhaa mpya. Inanisikitisha kwamba nchi iliyochimba almasi pale Mwadui tangu 1940 bado inalazimika kutafuta mbali fundi wa kupachika chembe moja ya almasi kwenye ufito, lakini huo ndio ukweli ambao mwenye katriji ya koili anapaswa kuuweka mezani kabla hajafunga kifurushi.

Wanaosema inunuliwe katriji nzima wanaegemea jambo moja lenye nguvu: kila kiungo kinakuwa kipya kwa mara moja. Hakuna kubahatisha umri wa kipira, kuna dhamana ya muuzaji, na vipimo vya uzani vilivyoandikwa kwenye karatasi vinaaminika. Kwa redio-gramu za zamani, zile zenye katriji ya fuwele badala ya koili, na sindano ya kugeuza upande mmoja kwa santuri za mizunguko 78 na upande mwingine kwa santuri ndogo, hata sioni mjadala. Fuwele yenyewe huharibika kwa joto na unyevu, sindano zake nyingi ni za yakuti ambayo huisha upesi mno kuliko almasi, na mkono wake mzito unakandamiza santuri kwa gramu nyingi. Ibadilishwe, na kama mashine haikubali nyingine, santuri za thamani zipigwe kwenye mashine tofauti.

Udhaifu wa hoja ya kununua nzima unaonekana pale inapopelekwa kwenye katriji za sumaku, ambazo ndizo wengi wetu tunazo. Katriji ya baba mdogo ni Audio-Technica AT-VM95E, ya mfululizo uliotoka 2018, na sindano zote za mfululizo huo zinaingiliana: kiwiliwili kilekile kinapokea ncha ya duara, ya duaradufu, zile za uchongaji wa juu, hata ya santuri za mizunguko 78. Ortofon nao wamefanya hivyo kwa 2M Red na 2M Blue, ambazo hubadilishana sindano. Kwa hiyo mtu anayetupa kiwiliwili kizima anatupa koili ambazo hazikuwa na kosa, na pia anapoteza nafasi ya kupanda daraja bila kufungua skrubu hata moja. Sindano ya kubadilisha inakuja na kipira chake kipya, na hapo shimo nililolitaja juu limezibwa. Kukubali sindano mpya si kutengeneza kwa maana ya fundi wa kwanza, wala si kununua nyingine kwa maana ya wa pili, na ndiyo maana wote wawili waliipita.

Haki inanidai niseme pia kwamba bei haisaidii sana upande wangu. Kwa katriji za bei ya chini, sindano peke yake mara nyingi hugharimu zaidi ya nusu ya bei ya katriji nzima, na mtu anaweza kuuliza kwa nini asiongeze kidogo apate vyote. Jibu langu ni kwamba kufunga katriji upya ni kazi ya vipimo: pembe yake, urefu wa kutokeza, uzani. Asiye na mizani ndogo na kipimo cha pembe anaweza kuiharibu sauti kwa mikono yake huku akidhani ameiboresha. Sindano ya kuchomeka huacha vipimo vyote mahali pake, isipokuwa uzani unaopaswa kuhakikiwa. Kwa katriji ya baba mdogo uzani huo ni gramu 2. Pia kuna katriji ambazo sindano zake halisi hazipatikani tena. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, na mwenye Shure sasa anategemea sindano za watengenezaji wengine. Jico wa Japani wana sifa nzuri katika kazi hiyo, ila sokoni zipo pia sindano zisizo na jina ambazo ncha yake imepachikwa kombo, na hizo ni hatari kuliko ile iliyochakaa.

Hali ya hewa yetu inabadilisha hesabu kidogo. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma hupata mvua kidogo mno, upepo huinua vumbi jekundu, na hewa kavu huifanya santuri ishike umeme tuli unaovuta vumbi lile na kulipeleka kwenye mfuo. Vumbi hilo ni msasa. Mtu wa hapa asiyesafisha santuri kabla ya kuipiga asitegemee zile saa ndefu zilizoandikwa kwenye boksi, na anayepanga kutumia fedha nyingi kwa sindano ya kifahari angeanza na brashi na kifuniko cha mashine.

Kinachonifanya niegemee upande mmoja, hata hivyo, ni rafu ya santuri. Sindano yenye pande bapa haisomi mfuo tu, inauchonga upya, na kilichochongwa hakirudi. Santuri za baba mdogo ni zile ndogo za mizunguko 45 za muziki wa dansi, nyingi zikiwa zilitengenezwa Nairobi katika miaka ya 60 na 70, kabla kaseti hazijachukua soko. Nyingi hazikurudiwa kutolewa. Nilipozipiga tatu kwa mashine yangu, mbili zilikuwa bado na uhai, na ya tatu, aliyoipenda kuliko zote na kwa hiyo kuipiga kuliko zote, ilikuwa na mkwaruzo ndani ya kila neno. Sindano mpya haitaiponya. Nilimweleza hivyo, na alikaa kimya kwa muda mrefu.

Tumeagiza sindano ya duaradufu ileile, na kiwiliwili kimebaki. Angekuwa na katriji ya koili ya thamani, yenye umri mdogo na kipira kizima, ningemshauri avumilie safari ya ng'ambo. Ingekuwa ya miaka 20, ningemshauri anunue nyingine bila kusita. Jambo tuliloshindwa kukubaliana ni sindano ya zamani, ambayo alitaka kuirudisha kwenye kopo iwe akiba ya kupigia santuri zisizo na thamani. Nilimwomba anionyeshe santuri isiyo na thamani kati ya zile zake. Alizipitia moja moja kwa vidole, kisha akanirudishia sindano ile nikaivunje.