Michoro ya kwenye filamu si ya Basquiat

Ndugu mwandishi, umeieleza vizuri filamu ya 1996 ya Basquiat, mchoraji kijana wa Brooklyn aliyeanza kwa kuandika SAMO, saini yake ya mitaani, kwenye kuta za New York mpaka matajiri wakamgombania. Ila umeruka jambo moja: michoro tunayoiona mle si yake. Wasimamizi wa mali yake hawakutoa ruhusa, ikabidi mwongozaji Julian Schnabel, ambaye naye ni mchoraji, aigize ile staili pamoja na msaidizi wake. Yaani marehemu anasimuliwa na mchoraji mwenzake, kwa brashi ya mwenzake! Mimi linanikera, ingawa Jeffrey Wright, aliyecheza kama Basquiat, kaigiza mpaka basi.

Nimeitazama hapa Mtwara kwenye simu ya shemeji, bando likakata katikati, nikamalizia kesho yake. Muda wote nilikuwa namuwaza Tingatinga, mchoraji wetu. Yule ni wa Tunduru, ukishapita Masasi unanyoosha tu. Akaenda Dar kutafuta maisha, akachora wanyama kwa rangi za mafuta za dukani, akiuza kando ya barabara Oysterbay. Kaanza mwishoni mwa miaka ya 60. 1972 polisi wakamuua kwa risasi wakimdhania mhalifu. Basquiat naye alifariki 1988, ana miaka 27, na mchoro wake mmoja ukaja kuuzwa dola milioni 110.5 mwaka 2017.

Filamu ya Tingatinga ndiyo ninayoingoja. Na wakaipigie Tunduru kwenyewe, wasituletee vichaka vya Bagamoyo.