Julai, usiku, nje, na mvinyo wa barafu

Jamani waandaaji wa tamasha la kuonja mvinyo Arusha, hivi nani kawaambia Julai ni mwezi wa kukaa nje usiku? Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Meru imejifunika wingu tangu asubuhi, nyasi zimelowa umande, halafu mnatupangia viti vya plastiki juu yake wikiendi nzima. Eti tuonje mvinyo. Tuuonje kwa ulimi gani? Ulimi umekufa ganzi!

Jumamosi nimeshika glasi kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Ndani yake mvinyo mwekundu wa Dodoma, wa zabibu za Makutupora, zilizoiva kwenye jua kali la kule, na mhudumu kautoa kwenye ndoo ya barafu. Barafu! Mwekundu unataka nyuzi 16 hadi 18 hivi ndipo harufu yake ifunguke. Ukiupoza namna ile unabaki ukakasi mtupu, kama umetafuna ndizi mbichi. Kaka aliyeketi pembeni yangu kapiga funda moja, kakunja uso, kasema mvinyo wetu mbaya. Hapo ndipo nilipoumia. Mkulima wa Dodoma kakosa nini?

Na jiko la mkaa, hata moja! Mji wenye mishikaki kila kona! Mama wa watu kajifunga kitenge kimoja, meno yanagongana. Kwani mchana haupo? Saa nane jua likichungulia, wekeni meza hapo, mwageni hiyo barafu, washeni mkaa.