Ukijiundia kompyuta ya gemu anza na madabodi, sio kadi ya grafiksi

Wadau, swali ninalokutana nalo kuliko yote ni hili, "nimeshachukua kadi ya grafiksi, sasa niitafutie prosesa gani na madabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) gani?" Naelewa mtu anafikaje hapo, kadi ndo inayotoa fremu (picha za gemu zinazopita kwenye skrini), ndo inayosifiwa kwenye kila video, na ndo inayokula hela nyingi kuliko kifaa kingine chochote. Ila msimamo wangu ni kwamba kwenye suala la vifaa kuelewana, kadi ni kitu cha mwisho kukuumiza kichwa. Tundu lake la PCI Express halijabadilika umbo kwa miaka mingi, kadi mpya ukiichomeka kwenye bodi ya miaka kumi iliyopita kwa kawaida inawaka na picha unaiona. Anayekubana ni madabodi. Yeye ndo anaamua uweke prosesa ipi, RAM ya aina gani, SSD ngapi, keisi ya ukubwa gani, halafu miaka mitatu mbele ndo anaamua kama utabadilisha prosesa peke yake au utaanza upya kabisa.

Tuanze na soketi, yaani tundu la prosesa kwenye bodi, maana hapo ndo watu wanaumia. Kampuni za prosesa ni mbili, AMD na Intel, na kila moja ina soketi zake. AMD walianza na AM4 mwaka 2016 na wakaishikilia muda mrefu kweli, mpaka 2022 walikuwa bado wanatoa prosesa mpya za soketi hiyo kama Ryzen 7 5800X3D, na mwaka huohuo wakaleta AM5. Intel wao LGA 1700 ilianza 2021 na prosesa za kizazi cha 12, ikabeba cha 13 na cha 14, halafu 2024 wakahamia LGA 1851. Mtu akishayajua haya anaona kamaliza kazi, akiangalia soketi zinafanana anatoa hela. Hapana jamani, soketi kufanana peke yake haitoshi. Mwaka 2017 Intel walipoleta kizazi cha 8 soketi ilibaki LGA 1151 na pini zilezile 1151, lakini prosesa hizo hazikukubali kwenye bodi zilizotengenezwa kwa kizazi cha 6 na cha 7, na za zamani nazo hazikukubali kwenye bodi mpya. Kwa AMD ni hivyohivyo, bodi ya B550 (herufi na namba hizi ni daraja la bodi) ni AM4 kabisa lakini ukienda kwenye orodha ya prosesa inazokubali, Ryzen za mfululizo wa 2000 hazimo.

Hiyo orodha ndo kitu ninachokipigania hapa. Kila mtengenezaji wa madabodi ana ukurasa wa modeli husika kwenye tovuti yake na ndani yake kuna orodha ya prosesa, mbele ya kila prosesa kumeandikwa toleo la bayosi (programu ya msingi iliyo ndani ya bodi, inayoiwasha kompyuta) kuanzia lipi linaitambua. Isome kabla hujalipa hata senti moja. Maana bodi inaweza kuwa mpya, haijafunguliwa, lakini imekaa stoo muda mrefu na bayosi yake ni ya kabla prosesa yako haijatoka, hapo ukiwasha feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi, na wewe unabaki unashuku RAM, unashuku kadi, unarudisha vitu dukani bila sababu. Ryzen za 5000 kwenye bodi za B450 zimewasumbua watu wengi kwa hili hili, na Ryzen za 9000 kwenye B650 nazo ziko hivyo.

Ndo maana mimi kwenye kuchagua bodi nakipa uzito mkubwa kitufe cha kuapdeti bayosi bila prosesa, kuliko hata mataa ya rangi. Kiko nyuma kabisa, pembeni ya matundu ya USB, na USB moja inakuwa imewekewa alama yake. Unachukua flashi, unaifomati FAT32, unaweka faili la bayosi ukiwa umelipa jina ambalo kitabu cha bodi kinataka (kila kampuni ina jina lake na usipolifuata haitasoma), unachomeka umeme wa bodi, kompyuta ikiwa imezimwa unabonyeza kitufe mpaka kataa (taa ndogo) kaanze kumweta. Hapo unaiacha. Kataa kakiwa bado kanamweta usiguse swichi ya umeme kwa namna yoyote, ukikata katikati unaweza kuiua bodi. Bodi isiyo na kitufe hiki inakulazimu uazime prosesa ya zamani ili tu uapdeti, na si kila mtu ana wa kumwazima.

RAM. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila ule mkato wa chini umekaa sehemu tofauti kwa hiyo haiingii, na ukiona haiingii usilazimishe. AM5 na LGA 1851 ni DDR5 tu. Mtego upo LGA 1700, kule kuna bodi zenye jina karibu sawa kabisa, moja ya DDR4 nyingine ya DDR5, tofauti ni herufi chache mwishoni mwa jina, so soma hadi mwisho. Halafu kuna hii tabia ya kununua kipande kimoja leo na kingine baadaye, mimi siipendi kabisa. Nunua viwili vilivyofungwa pamoja, kwenye bodi ya matundu manne viweke tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha ingia kwenye bayosi uwashe XMP au EXPO (mpangilio unaoifanya RAM ifike kasi iliyoandikwa kwenye boksi), usipowasha RAM uliyoinunua kwa kasi ya 3200 inaweza kukaa kwenye 2133 miaka yote na usijue. Na usijaze matundu manne kwenye AM5 kwa sababu tu yapo, AMD wenyewe kwa Ryzen za 7000 wanataja kasi ya 5200 ukiwa na vipande viwili lakini 3600 ukiwa na vinne, ni anguko kubwa hilo kwa gemu.

Nimesema kadi haisumbui na bado nasimamia hapo, ila kuna mbili za kuwa nazo macho. RX 6500 XT ya 2022 inatumia njia 4 tu za PCI Express (njia za kupitishia data kati ya kadi na bodi), kwenye bodi yenye toleo la 4 inaenda vizuri, kwenye toleo la 3 inapoteza nguvu waziwazi, na wanaoinunua wengi ni wenye bodi za zamani kwa sababu ni ya bei ya chini! Ya pili ni Intel Arc, hizi zinahitaji Resizable BAR (kipengele kinachoiruhusu prosesa ifikie memori yote ya kadi kwa mara moja) iwe imewashwa, bodi ikiwa ya zamani haina hicho kipengele kadi itafanya kazi chini sana ya uwezo wake. Kingine ni urefu tu, pima keisi kwa milimita na ukumbuke feni za mbele nazo zinakula nafasi. Feni ya prosesa pia pima kimo chake, zile kubwa kama Noctua NH-D15 zina milimita 165 na keisi nyembamba haifungi ubavu.

Pawa saplai sasa, na hapa sina utani. Watu wanaangalia wati zilizoandikwa kwenye boksi na alama ya 80 Plus, wakati hiyo alama inakwambia ufanisi tu, yaani umeme kiasi gani unapotea njiani, haikwambii ndani kuna ulinzi gani umeme ukichachamaa. Angalia lebo ya ubavuni, laini ya volti 12 inatoa wati ngapi, maana prosesa na kadi zote zinanyonya huko. Tundu la bodi linaipa kadi wati 75, waya wa pini 8 unaongeza 150, kwa hiyo kadi yenye tundu mbili za pini 8 imeandaliwa kuvuta mpaka 375 peke yake. Waya wa prosesa nao una pini 8 lakini sio ule wa kadi, wa prosesa umegawanyika 4 na 4, wa kadi 6 na 2, na mpangilio wa chanya na hasi umepishana.

Na hizi saplai za waya za kuchomoa, tafadhali sana, waya wa saplai moja usiutumie kwenye saplai nyingine hata kama umeingia vizuri. Upande wa kifaa umesanifiwa mmoja dunia nzima, upande wa saplai kila kampuni na mpangilio wake, wakati mwingine hata ndani ya kampuni hiyohiyo. Ukikosea hapo SSD na hadi diski zenye mafaili yako zinaungua papo hapo. Saplai ya mtumba isiyo na waya zake mwenyewe mimi siichukui hata nikipewa bure.

Kama unapanga kuchukua kompyuta ya ofisi iliyotumika uiongezee kadi, ambayo ni njia nzuri tu kwa bajeti ndogo, ifungue kabla ya kulipa. Nyingi bodi zake hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo saplai ya kawaida haiingii bila kiunganishi maalumu, na nyingi zile fupi nyembamba zinachukua kadi za nusu kimo tu. Angalia saplai iliyomo ina wati ngapi na kama ina waya wowote wa pini 6 au 8 unaoning'inia. Kama hauna, tafuta kadi inayoishi kwa zile wati 75 za tundu, GTX 1650 zisizo na plagi ya ziada ziko kundi hilo.