Georada na sepetu: wanaopima kabla ya kuchimba wanaonewa

Kila ikitangazwa kwamba georada, ile mashine ya mawimbi ya redio inayoona chini ya ardhi bila kuchimba, imeona kitu cha Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, hakosi mtu wa kusema hizo picha za ukungu tu, chimbeni tuone. Simlaumu sana. Georada haikupi tarehe, inakuonyesha duara chini ya nyasi halafu ni juu yako kujua kama ni ukuta wa makaburi ya kanisa au zizi la kondoo. Hata jina la mahali halitoshi. Law Ting Holm kule Shetland, visiwa vya Scotland, jina lenyewe linataja baraza, yaani mkutano wa watu wa sheria na hukumu, ila walipochimba walichokuta zaidi ni makazi ya Zama za Chuma, kabla ya Waviking.

Lakini jamani, baraza linaacha nini ardhini? Watu wanakuja, wanabishana, wanahukumiana, wanaondoka. Þingvellir kule Iceland walianza kukutana mwaka 930, kila kiangazi kama wiki mbili hivi, vibanda kuta za udongo na majani, paa la kitambaa, wakiondoka wanaondoka nalo. Sasa ukichimba shimo moja hapo unategemea kukuta nini, muhuri wa hakimu? Baraza unalielewa ukipima eneo zima, njia iliingilia wapi, maji yalikuwa wapi, kanisa liko umbali gani. Hiyo Law Ting Holm zamani ilikuwa kisiwa kidogo ziwani, unavuka kwa njia ya mawe, na kanisa liko pale jirani. Hayo sepetu haikuambii.

Na tarehe nazo si lazima ubomoe. Kinachonifurahisha mimi ni Skagafjörður, kaskazini mwa Iceland, jamaa wanazamisha kibomba chembamba ardhini wanatoa udongo kidogo tu wanasoma tabaka za majivu ya volkano. Hekla ililipuka 1104 ikamwaga jivu jeupe. Ukilikuta limelala juu ya kaburi halijavurugwa, basi huyo alizikwa kabla ya 1104, kwisha, na marehemu hujamgusa. Kuna viwanja vya makanisa vya mashambani huko vilishaacha kuzika kabla ya jivu hilo, yaani Ukristo wenyewe ulikubaliwa pale barazani Þingvellir kama mwaka 1000, hata miaka mia na kidogo haijaisha.

Wa sepetu watakutajia Gjellestad, Norway, na hapo wana hoja kweli. Meli ilionekana kwa georada 2018, kumbe fangasi wanaila, 2020 ikabidi ichimbwe. Sawa, ila waliojua inaoza walijua kwa kashimo kadogo ka majaribio 2019, hawakufumua uwanja mzima.

Na Edøya je? Hukohuko Norway, jirani na kanisa la karne ya 12. Timu ilishamaliza eneo lake, muda ukabaki, wakasema ngoja tupitishe mashine na shamba lile, wakakuta meli, mkuku wake kama mita 13, imelala chini kidogo tu ya udongo unaolimwa. Ncha zake zinaonekana zilishaliwa na plau.