Mtaa wa Lumumba Ufungwe Asubuhi Moja

Kila mwaka, Februari 8 au siku iliyo karibu nayo, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Leiden, hapa Uholanzi, hutoka katika jengo lao la kale kando ya mfereji wa Rapenburg wakiwa na majoho meusi na kofia, huvuka daraja, hupita kichochoro cha Kloksteeg na kuingia Pieterskerk, kanisa la zamani lililo katikati ya mji. Ni mwendo wa dakika chache tu. Mwaka 2025, chuo kilipotimiza miaka 450, nilikuwa pembeni mwa daraja hilo na baiskeli iliyosheheni mikate ya mgahawa ninakofanya kazi, nikisubiri wazee wa watu wapite.

Sikukasirika, jambo lililonishangaza mwenyewe, kwa sababu mimi ni mtoto wa Magomeni, Dar es Salaam, na nikiona njia imezuiwa moyo hunienda mbio. Siku moja, miaka ya daladala, nilikuwa nampeleka mama kliniki Muhimbili tukakwama kwenye makutano ya Fire kwa zaidi ya saa mbili. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya shughuli ambayo hakuna aliyetutangazia, na hakuna aliyetwambia itafunguliwa saa ngapi. Hatimaye mama alivua viatu, akavishika mkononi, tukaenda kwa miguu. Zamu yake kliniki ilikuwa imeshapita.

Leiden nilikuwa nimepata barua mapema, ikieleza njia ipi itafungwa na mpaka saa ngapi. Kijana aliyesimama kwenye kizuizi alikisogeza bila maneno mengi ili bibi mmoja mwenye kigari cha kutembelea apite. Sidhani kama Waholanzi ni wapole kuliko sisi. Trafiki wa Dar es Salaam akijulishwa mapema na kuachiwa kutumia akili yake, naye angemsogezea bibi kizuizi. Tofauti ni kwamba hapa anayefunga njia hujiona anadaiwa maelezo na wenye njia.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Chuo cha Leiden kilianzishwa mwaka 1575, miezi michache baada ya mji kuokoka mzingiro wa Wahispania, na wenyeji husimulia kuwa kilikuwa zawadi ya William wa Orange kwa uvumilivu wao. Kwa hiyo muuza samaki wa sokoni, ambaye pengine hajawahi kuingia darasani mwao, huitazama sherehe ile kama ya nyumbani kwake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho ni mtoto wa mjini, ingawa tumezoea kukiita Mlimani. Kilianza Oktoba 25, 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kwa kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20, ndani ya jengo la chama cha TANU katika mtaa ambao leo ni Lumumba. Kilihamia mlimani mwaka 1964, na tangu hapo sherehe zake nyingi huishia kulekule, kwenye kumbi zenye viti vya wageni waalikwa, huku watu wa Kariakoo wakisikia habari zake redioni.

Pendekezo langu ni dogo. Oktoba 25, 2031, chuo kitakapotimiza miaka 70, itakuwa Jumamosi. Mtaa wa Lumumba ufungwe kwa magari kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, maandamano ya kitaaluma yapite hapo kwa miguu, na wajumbe wa mtaa wapite nyumba kwa nyumba mwezi mmoja kabla. Nitaambiwa nawaharibia watu riziki. Machinga, kwa ninavyomjua, watu wakiongezeka na magari yakipungua atauza maji na vitambaa vya jasho mpaka viishe. Hasara ya kweli ni ya mwenye bajaji na bodaboda, na huyo lazima atengewe njia mapema, siyo kupigiwa filimbi siku yenyewe.

Nilimpigia mama simu nikamweleza wazo hili. Aliuliza swali moja tu, bajaji zitapita wapi. Nikamwambia zitapita Barabara ya Bibi Titi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema siku hiyo atavaa ndala tangu nyumbani.