Heri Tusingeambiwa Kwamba Sare Inatosha

Wiki ya kuelekea mechi ya mwisho ya msimu huwa na maneno mengi kwa sisi tunaoshabikia timu iliyo karibu na mkia wa ligi, na safari hii linalorudiwa kuliko yote ni kwamba sare inatosha. Tuko alama moja juu ya mstari wa kushuka daraja, tofauti yetu ya mabao ni mbaya kuliko ya wanaotufuata, na kwa hiyo tukitoka sare tutabaki, mradi wao wasishinde mechi yao. Hesabu hiyo ni sahihi na sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni namna inavyogeuka kuwa mpango, kwanza midomoni mwa mashabiki na kisha, ninavyohofia, kwenye ubao wa kocha. Kwa maana timu inayoingia uwanjani ikiwa imekwisha kuamua kwamba haihitaji kushinda huwa imeikabidhi hatima yake kwa wachezaji wa uwanja mwingine, ambao haina namna ya kuwakaba.

Mei 5, 1996, Manchester City walikuwa nyumbani dhidi ya Liverpool, wakatanguliwa kwa mabao mawili, kisha wakapambana hadi wakayarudisha yote na matokeo yakawa 2-2. Wakati huohuo ikaenea habari kwamba matokeo ya kwingineko yanawafaa na kwamba sare hiyo itawabakisha. Benchi likaagiza muda upotezwe, na Steve Lomas akaonekana akiulinda mpira karibu na kibendera cha kona kana kwamba wao ndio waliokuwa wakiongoza. Habari ile haikuwa ya kweli. Niall Quinn, aliyekuwa amekwisha kutolewa, ilimbidi akimbie pembeni mwa uwanja kuwapigia wenzake kelele kwamba bado wanahitaji bao, lakini ilikuwa imechelewa. City, Southampton na Coventry walimaliza wote wakiwa na alama 38, na City wakashuka kwa tofauti ya mabao. Wengi hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha uvumi, nami naona wanaulaumu uvumi kupita kiasi, kwa sababu usingewadhuru watu ambao hawakuwa wakiutafuta.

Kisa cha upande wa pili ni cha Carlisle United, na hiki ndicho ninachowasimulia wenzangu kila wanapoanza hesabu zao. Mei 8, 1999, katika ngazi ya nne ya soka la Uingereza, timu moja tu ndiyo iliyokuwa ishuke na kutoka kabisa kwenye ligi. Scarborough walikuwa wamekwisha kumaliza mechi yao kwa sare ya 1-1 na Peterborough, na mashabiki wao walikuwa uwanjani wakisubiri kipenga cha mwisho cha mechi ya Carlisle na Plymouth, ambayo nayo ilikuwa 1-1. Kwa matokeo hayo, waliokuwa wanashuka ni Carlisle. Ikapatikana kona katika dakika za nyongeza. Kipa Jimmy Glass, aliyekuwa hapo kwa mkopo kutoka Swindon, akaliacha lango lake na kukimbilia mbele. Kichwa cha mwenzake kikaokolewa, mpira ukamwangukia yeye, naye akaupiga wavuni katika dakika ya 95. Jiulize kama kuna kocha yeyote duniani ambaye angemruhusu kipa wake avuke mstari wa kati iwapo sare ingewatosha. Carlisle waliokoka kwa sababu hawakuwa na mahali pa kujificha. Scarborough waliokuwa wakisubiri hawakurudi tena kwenye ligi hiyo, na mwaka 2007 klabu yenyewe ikavunjwa kwa madeni.

Mwisho huo wa Scarborough ndio unaoifanya hofu yetu isiwe ya mchezo. Wachezaji wakubwa watapata timu nyingine kabla ya msimu mpya kuanza. Anayebaki na mzigo ni karani wa tiketi, mtunza uwanja na mwalimu wa timu ya vijana, ambao mapato ya haki za televisheni yakipungua ndio huambiwa kwanza kwamba mikataba yao haitaendelea.

Najua jibu linalonisubiri. Nitaambiwa kwamba hata ushindi si kinga. Mei 12, 2018, Hamburg walishinda 2-1 dhidi ya Borussia Mönchengladbach na bado wakashuka, kwa kuwa Wolfsburg waliifunga Köln 4-1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Hamburg kushuka tangu Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ianzishwe mwaka 1963. Mei 28, 2023, Leicester waliifunga West Ham 2-1 na bado wakashuka, kwa sababu Everton walipata bao moja lao dhidi ya Bournemouth, na hao Leicester walikuwa mabingwa miaka saba tu kabla ya hapo. Yote ni kweli. Lakini timu hizo mbili zilifika siku ya mwisho zikiwa zimekwisha kupoteza uwezo wa kujiamulia, ilhali sisi bado tunao: tukishinda, hakuna matokeo popote yatakayotushusha. Kuuacha uwezo huo kwa hiari ili tuishi kwa kutegemea wapinzani wetu wakwame kwingineko ni jambo nisilolielewa, hasa kwa mashabiki waliolalamika msimu mzima kwamba timu yetu haina bahati.

Isitoshe, hesabu zetu hazijawahi kutufaa. Tangu katikati ya msimu tumekuwa tukiambizana kwamba alama 40 zinatosha, kana kwamba ni kanuni iliyoandikwa, ilhali katika Ligi Kuu ya Uingereza West Ham walishuka mwaka 2003 wakiwa na alama 42, na West Bromwich Albion wakabaki mwaka 2005 wakiwa na 34, ingawa walikuwa wa mwisho kwenye msimamo wakati wa Krismasi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni sisi wa jukwaani. Mechi za siku ya mwisho huchezwa kwa wakati mmoja ili pasiwe na timu inayocheza ikijua tayari inachohitaji. Kombe la Dunia lenyewe lilihamia utaratibu huo kwa mechi za mwisho za makundi baada ya Ujerumani Magharibi na Austria kuridhika na 1-0 mwaka 1982, matokeo ambayo walijua tayari kwamba yangewavusha wote wawili. Ni utaratibu wa haki, lakini siku hizi kila mtu ana simu mkononi, na uwanja mzima huweza kuguna wakati mpira umetulia katikati, kwa sababu tu kumefungwa bao mahali pengine. Mchezaji aliye na mpira huisikia miguno hiyo na kuelewa maana yake. Beki ambaye angetoa pasi ya mbele huurudisha kwa kipa. Jukwaa likanyamaza kwa hofu, yeye hulichukulia kama idhini ya kurudisha tena. Sithubutu kumwomba mtu azime simu, maana mimi mwenyewe sitaweza. Ninachoomba ni kwamba, tukiwa sare katika dakika ya 70 na habari za kwingineko zikiwa nzuri, tuimbe vilevile ambavyo tungeimba tukiwa nyuma kwa bao moja.

Kuhusu kocha, sitahitaji kusikia hotuba yake ya kabla ya mechi. Akipanga washambuliaji wawili tangu dakika ya kwanza, nitajua ameusoma msimamo kama ninavyousoma mimi. Akipanga mabeki watano, nitakuwa na wasiwasi hata tukiwa tunaongoza.