Suluhu ya Simu na Suluhu ya Jamvini

Mwaka jana hapa Leicester nilimshtaki muuza magari ya mtumba. Injini ilikufa wiki ya pili, naye akakataa kunirudishia pesa. Tangu Mei 2024, kwa England, madai ya fedha yasiyozidi pauni 10,000 sharti yapite kwanza kwenye upatanishi wa simu, saa moja, bure. Mpatanishi alinipigia mimi, akampigia yeye, akanirudia. Sauti ya yule bwana sikuisikia hata mara moja. Nilikuwa namdai 2,400, nikakubali 1,700, na makubaliano hayo ya mdomo yanabana: asipolipa, mahakama inamlazimisha. Alilipa. Radhi hakuniomba, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko zile 700.

Maana mimi nimekulia Tanga. Ami zangu wawili waligombea mpaka wa shamba la minazi Pongwe, wazee wakawakalisha jamvi moja tangu asubuhi hadi alasiri. Mimi, mtoto, nikizunguka na birika la kahawa. Ami mdogo alikiri kwamba ndiye aliyesogeza mpaka, akamshika kaka yake mkono, ikasomwa Fatiha. Miaka mingi baadaye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea kaka yake.

Kwa hiyo wenzangu huku wanaposema nyumbani hatujui kumaliza kesi, siwakubalii. Jamvi letu linaponya watu. Simu ilimaliza deni tu.

Ila siku ile ya ami zangu hakuna aliyeandika hata mstari. Wazee wote wameshakufa, na sasa watoto wa ami zangu wako Baraza la Kata kwa minazi ileile. Tangu 2021 baraza hilo haliamui tena kesi za ardhi, linapatanisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, safari ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwetu kudai karatasi kwa ndugu ni kama kumwambia humwamini. Hapo ndipo tunapokosea, tena pakubwa. Hata kesi ikiwa mahakamani, wadaawa wakipatana wanaweza kusaini hati ya suluhu, mahakama ikaisajili, ikatekelezwa kwa lazima kama hukumu nyingine yoyote.

Kwa ndugu zangu, leo ni siku ya 11 katika zile 30. Nimewaomba wakae jamvini, waseme yote, wahesabu minazi ya kila upande, waandike, wasaini mbele ya baraza. Kisha Fatiha.